Pikipiki ya pauni 1,150 yenye kadi ya mtu mwingine: jibu kwa msomaji aliyeko Derby

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 29, niko Derby, Uingereza, miezi minane sasa, kwa viza ya kazi. Nahudumia wazee majumbani. Mzee wangu wa kwanza natakiwa nimfikie saa 12 kamili asubuhi na basi la kwanza halijaanza kupita, na kati ya nyumba na nyumba natembea mpaka miguu inavimba. Nyumbani Morogoro nimeendesha bodaboda miaka 6, leseni ninayo na haijaisha. Kuna Mtanzania mwenzetu hapa anauza Honda CB125F ya 2017 kwa pauni 1,150. Kadi bado iko kwa jina la aliyemuuzia yeye, ambaye amesharudi Dar. Anasema niendeshe tu, barua zikija atanipigia. Bima kuna kijana anaitengeneza kwa WhatsApp, pauni 60 kwa mwezi. Je, mtu wa viza anaruhusiwa kuandikisha pikipiki kwa jina lake? Leseni ya Tanzania inatosha? Na jioni naweza kubeba chakula cha watu nipate cha ziada?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole na miguu, na umefanya vema kuuliza kabla hujatoa hela. Wengi wanaonipigia simu hunipigia wakiwa wamesimama kando ya barabara na pikipiki iko tayari juu ya lori, inakwenda kufungiwa. Mimi kazi yangu ni kufundisha waendesha pikipiki hapa Uingereza, kwa hiyo haya ninayokuandikia nayaona kila wiki.

Swali la kuandikisha ndilo jepesi kuliko yote. Ndiyo, unaruhusiwa. Sheria ya hapa haiulizi uraia wako wala aina ya viza yako unapoandikisha chombo. Inataka jina lako kamili na anwani ya hapa ambayo barua zitakufikia. Idara inayohusika ni DVLA, makao yake yako Swansea, na mambo yake karibu yote yanafanyika mtandaoni kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Angalia usiingie kwenye tovuti zinazofanana nayo zinazotoza "ada ya huduma" kwa kitu ambacho serikali inakifanya bure. Pikipiki ikishaandikishwa hapa haipewi namba mpya kila inapouzwa. Plate ile ile ya njano iliyoko nyuma inaendelea, kinachobadilika ni jina kwenye kadi.

Kadi yenyewe inaitwa V5C, na hapo ndipo jambo lako lilipokwama. Sisi kwetu mwenye kadi ndiye mwenye chombo. Hapa kadi imeandikwa wazi ukurasa wa mbele kwamba si uthibitisho wa umiliki. Jina lililomo ni la mtunzaji, yaani yule anayeishika pikipiki na kuwajibika nayo barabarani. Uthibitisho kwamba umeinunua ni risiti yako na malipo ya benki. Uthibitisho kwamba wewe ndiye wa kuulizwa ni kadi. Vinatakiwa vyote viwili.

Sasa fikiria unaendesha pikipiki ambayo mtunzaji wake yuko Dar. Umepita kwenye kamera ya mwendo kasi saa 11 na nusu alfajiri unakimbilia kwa mzee wako. Polisi wanamwandikia mtunzaji ndani ya siku 14, wanamtaka ataje nani alikuwa anaendesha, na anapewa siku 28 kujibu. Barua inatua kwenye mlango wa chumba alichohama. Aliyepanga pale sasa anaitupa. Hakuna anayejibu, na kutojibu ni kosa lingine lenye pointi 6 za adhabu kwenye leseni na faini inayoweza kufika pauni 1,000, kwa jina la mtu ambaye hajui lolote. Huyo aliyekuuzia hatakupigia simu kwa sababu na yeye barua haimfikii. Siku polisi wakikusimamisha wewe, wanaona kijana ambaye jina lake halimo popote, juu ya pikipiki ya mtu aliyeondoka nchini. Utakuwa na kazi ya kueleza kwamba hukuiiba.

Simwiti mwenzetu tapeli. Nimeona watu wema kabisa wakifanya hivi kwa mazoea tu, kwa sababu kwetu pikipiki inaweza kupita mikono mitano na kadi bado ina jina la yule Mhindi wa dukani. Lakini udugu hauingii kwenye rekodi ya Swansea. Mwambie alete kadi, si picha ya kadi, kadi yenyewe. Ikiwepo, kazi iliyobaki ni ya dakika kumi. Muuzaji anaingia kwenye GOV.UK, anaweka namba ya tarakimu 11 iliyoko kwenye kadi, anaandika jina lako na anwani yako, na wewe unabaki na kipande cha kijani kinachokatwa kwenye kadi hiyo. Hakilipiwi kitu. Kadi mpya yenye jina lako inakuja kwa posta, kwa kawaida ndani ya siku 5 za kazi ikiwa taarifa imetolewa mtandaoni. Wakituma kwa posta inaweza kuchukua wiki 4. Kwa hali yenu, anayestahili kutoa taarifa ni yule aliyeko Dar, kwa kuwa jina ni lake. Basi akae kwenye simu na anayekuuzia waifanye pamoja, na wewe uwepo unaona.

Kama kadi imepotea, ipo fomu ya V62 ya kuomba nyingine, ada yake ni pauni 25. Lakini waiombe wao, kwa muda wao, kabla hujalipa. Serikali yenyewe inashauri usinunue chombo kisicho na kadi, na huo ushauri ufuate hata kama anayeuza ni mtoto wa shangazi yako.

Twende kwenye kuikagua. Nenda mchana, nyumbani kwake, kwenye anwani inayojulikana. Usikubali kukutana kwenye maegesho ya supamaketi. Ukiwa bado kitandani kwako, ingiza namba ya plate kwenye GOV.UK. Bila malipo utaona aina ya pikipiki, rangi, ukubwa wa injini, imeandikishwa lini mara ya kwanza, kama kodi yake imelipwa, na tarehe kadi ya mwisho ilipotolewa. Tarehe hiyo ifananishe na ile iliyoko kwenye kadi utakayoonyeshwa. Zikipishana, kuna kadi nyingine mahali. Ukurasa mwingine unakupa historia ya MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka ambao pikipiki inaanza kuufanya ikifikisha miaka 3. Utaona kila mara ilipokaguliwa ilikuwa imetembea maili ngapi na fundi aliandika nini. Pikipiki iliyokuwa na maili 21,000 mwaka juzi na leo inasoma 14,000, usiulize maelezo, rudi nyumbani.

Kuna stori moja nataka uishike. Siku moja nilimsindikiza mwanafunzi wangu kununua pikipiki, manyunyu yanaanguka, muuzaji anaharakisha. Nikamwomba azungushe hendeli mpaka mwisho upande wa kushoto, nikapiga magoti na tochi ya simu kusoma namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu. Ina tarakimu na herufi 17. Macho hayakuniambia kitu. Nikapitisha ukucha juu yake taratibu, na kwenye tarakimu mbili za mwisho ukucha ukakwama. Kumi na tano za kwanza zilikuwa laini, zimekaa na rangi ya kiwandani. Zile mbili zilikuwa na makali, na rangi iliyozizunguka iling'aa kuliko fremu nzima. Nilimshukuru yule bwana, tukaondoka. Mwanafunzi alinuna njia nzima kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Nawe fanya hivyo hivyo: soma namba yote, herufi kwa herufi, uilinganishe na kadi, na uiguse.

Kadi nayo iinue juu kwenye mwanga. Halisi ina herufi DVL zinazoonekana ndani ya karatasi yenyewe. Na kama ina namba ya mfululizo kati ya BG8229501 na BG9999030, au kati ya BI2305501 na BI2800000, hizo ni kadi zilizoibwa zikiwa tupu. Ondoka hapo, kisha wapigie polisi. Mwisho, lipia ukaguzi wa historia mtandaoni, ni pauni chache, uone kama pikipiki ina deni la mkopo au iliwahi kufutwa na kampuni ya bima baada ya ajali. Zilizowekwa alama A na B hazirudi barabarani kamwe. Zenye S na N zinaweza kutengenezwa na kuendeshwa kihalali, ila bei yake ishuke, na S maana yake muundo wenyewe uliumia, kwa pikipiki mimi singeichukua.

Lipa kwa benki. Risiti iandikwe nakala mbili: majina yenu na anwani, tarehe, bei, plate, namba ya chesisi, na maili zilizoko kwenye saa.

Leseni sasa, na hapa unisome polepole kwa sababu ndipo vijana wazoefu wanapoumia. Leseni yako ya Tanzania inakuruhusu kuendesha England, Uskoti na Wales kwa miezi 12, kuhesabu tangu ulipoanza kuishi hapa. Haihesabiwi tangu uliponunua pikipiki, na kwenda likizo nyumbani na kurudi hakuanzishi hesabu upya. Wewe umetumia minane. Imebaki minne. Masharti ni mawili: leseni isiwe imeisha muda, na iwe na daraja la pikipiki. Itoe kwenye pochi uiangalie sasa hivi. Wapo walioendesha bodaboda miaka kumi wakiwa na daraja B la gari tu, na kwetu hakuna aliyewauliza. Hapa daraja B halikupi pikipiki hiyo hata kwa siku moja.

Miezi 12 ikiisha, leseni yako inakuwa kadi ya kumbukumbu. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa moja kwa moja hapa, kama Afrika Kusini au Zimbabwe. Utaanza kama mwanafunzi. Na usiku mmoja tu baada ya tarehe hiyo, unaendesha bila leseni, na kampuni ya bima nayo ina sababu ya kukukana.

Kwa hiyo leo hii omba leseni ya muda ya hapa, ile ya mwanafunzi. Inagharimu pauni 34 mtandaoni, na kuwa nayo hakukuondolei haki yako ya ile miezi minne iliyobaki. Kisha weka siku ya kufanya CBT, mafunzo ya lazima ya msingi, ambayo mara nyingi huisha ndani ya siku moja. Ukipata cheti chake unaruhusiwa kuendesha pikipiki mpaka cc 125 yenye nguvu isiyozidi kilowati 11, ukiwa umebandika herufi L nyekundu mbele na nyuma, bila abiria, bila kuingia barabara kuu za motorway. Hiyo CB125F unayoitaka inaingia humo bila shida, na kwa kazi yako ya nyumba hadi nyumba mjini Derby, CBT peke yake inakutosha kabisa. Cheti kinadumu miaka 2, baada ya hapo unarudia kama hujafanya mitihani kamili.

Usije kwenye CBT ukidhani ni kupoteza muda. Nilimpata kijana mmoja wa Mbeya, bodaboda wa miaka mingi. Uwanjani hakuna aliyemfikia. Namba nane aliizungusha kwa mwendo wa kutembea, mguu hauguswi chini, klachi anaichezea kwa vidole viwili kama anapiga gitaa. Tukaingia barabarani, maana sehemu ya mwisho lazima iwe angalau saa 2 za barabara halisi. Kila alipotaka kukata kulia aliangalia kioo, akawasha indiketa, akakata. Hakugeuza shingo hata mara moja. Kwenye kioo cha pikipiki kuna sehemu ya bega la kulia ambayo haionekani, na gari la pili kutoka nyuma lilikuwa pale pale. Lilipiga honi ndefu. Nilimsimamisha kwenye kituo cha basi, mikono yake ilikuwa inatetemeka. Tulifanya mikunjo ya kulia arobaini siku hiyo, shingo, shingo, shingo. Kwetu honi ndiyo inayokuambia kuna mtu pembeni yako. Hapa watu hawapigi honi, wanategemea wewe umetazama.

Heri yetu ni kwamba tunaendesha upande wa kushoto kama wao, na kipilefti tunakifahamu: anayetoka kulia kwako anapita kwanza. Tofauti ni kwamba hapa kila mtu anaifuata, na ukiivunja mara moja wanakugonga kwa sababu hawakutarajia.

Kama unataka leseni kamili, na kwa miaka yako 29 nakushauri uitake, unaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye daraja A, ambalo linaanzia miaka 24. Sharti la kuwa umeishi hapa siku 185 katika miezi 12 iliyopita umeshalitimiza. Kuna mtihani wa nadharia kwa pauni 23, maswali 50, unatakiwa upate 43, na video za kutambua hatari ambazo alama ya kupita ni 44 kati ya 75. Hizo video zimewaangusha wazoefu wengi, fanya mazoezi nazo. Halafu mtihani wa uwanjani, pauni 15.50, na wa barabarani, pauni 75 siku za kazi. Mitihani hii ya daraja A inafanyika kwa pikipiki kubwa ya shule, cc 595 kwenda juu. Ukiifanya kwa 125 yako unapewa A1 tu. Ukiwahi kuipita yote kabla ya miezi minne kuisha, hutabandika L hata siku moja. Usipowahi, CBT inakubeba. Usiache tu tarehe ipite ukiwa huna hata kimoja.

Sasa huyo kijana wa WhatsApp. Achana naye. Nasema hivi nikiwa na uchungu, kwa sababu nimeona mama mmoja, mhudumu kama wewe, akilia kwenye simu baada ya kugongana na gari na kugundua kwamba karatasi aliyokuwa akiilipia haijawahi kuwepo kwenye kampuni yoyote. Hawa watu wana jina lao hapa, wanaitwa madalali hewa. Wengine wanachapisha cheti cha uongo. Wengine wanachukua bima ya kweli kwa kudanganya anwani, umri au leseni yako, wakupe cheti, kisha wanaikatisha baada ya siku chache na kurudishiwa hela. Polisi hawasomi karatasi yako. Wanaingiza plate kwenye hifadhidata ya bima, na mara nyingi kamera ya gari lao imeshaisoma kabla hujawaona. Kama haimo, adhabu ya papo hapo ni pauni 300 na pointi 6, na pikipiki inaondoka. Ikifika mahakamani faini haina kikomo na unaweza kufungiwa kuendesha. Na mtu wa viza, hukumu ya mahakama unatakiwa uitaje kwenye maombi yako yajayo.

Nenda wewe mwenyewe kwenye kampuni au dalali aliyeko kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia mambo ya fedha. Sema kweli yote: leseni ya Tanzania, umekaa hapa muda gani, pikipiki inalala wapi usiku. Kampuni nyingine zitakataa leseni ya nje, nyingine zitataka bei inayouma. Ndiyo maana nakwambia uwahi CBT, kwa sababu mwenye leseni ya muda na CBT wanamjua na bei zake wamezizoea. Ukishalipa, hakikisha plate yako kwenye askMID, tovuti ya hifadhidata hiyo ya bima, ni bure kwa chombo chako mwenyewe.

Na kuna neno moja kwenye bima ambalo kwa kazi yako ni la kufa na kupona. Watakuuliza matumizi. Wengi hujibu "kwenda na kurudi kazini". Hiyo inafunika safari ya kutoka nyumbani kwenda sehemu moja ya kazi isiyobadilika. Wewe unatoka kwa mzee wa kwanza kwenda kwa wa pili, wa tatu, wa saba. Hiyo wanaihesabu kuwa matumizi ya biashara, hata kama hubebi mzigo wala abiria. Mwambie dalali kwa maneno haya haya: mimi ni mhudumu wa majumbani, natembelea wagonjwa kwenye nyumba mbalimbali ndani ya zamu moja. Aiandike. Bei itapanda, na uongeze, kwa sababu ajali yako ikitokea, uwezekano mkubwa itatokea katikati ya nyumba na nyumba.

Hilo linanileta kwenye chakula cha jioni, na jibu ni hapana. Bima ya kawaida haifuniki kubeba vitu vya watu kwa malipo, inatakiwa bima ya namna yake ambayo ni ghali zaidi. Lakini kubwa ni viza. Kazi ya ziada inayoruhusiwa kwa mtu wa viza ya kazi ina masharti yake, na kupeleka chakula kwa pikipiki haimo. Wanafunzi nao, ambao najua mtasoma hii, hawaruhusiwi kujiajiri, na hizo programu za simu za kupeleka chakula zinawahesabu madereva kuwa wamejiajiri. Utaona wenzako wanafanya kwa akaunti ya kukodi. Usiingie. Pauni 40 za jioni moja zinaweza kukugharimu ulichouza shamba ili ukipate.

Yaliyobaki ni mepesi. Kodi ya barabara haihami na pikipiki, ilikoma kuhama tangu Oktoba 2014. Hata kama muuzaji aliilipa jana, inafutwa jina likibadilika. Ulipe wewe, kwa kutumia namba ya tarakimu 12 iliyoko kwenye kile kipande cha kijani, kabla hujaiwasha kwenda nayo nyumbani. Kwa pikipiki isiyozidi cc 150 ni daraja la chini kabisa, haitakusumbua. Bima nayo ianze saa ile ile. MOT ndiyo pekee inayobaki na pikipiki mpaka muda wake uishe, lakini isikutoe macho kwenye tairi, ambazo kisheria zisipungue milimita 1 ya kina, wala kwenye mnyororo na pedi za breki. Fundi aliikagua siku moja tu ya mwaka.

Ukihama chumba, na najua mnahama, badilisha anwani kwenye leseni na kwenye kadi wiki ile ile. Ni bure, na kutofanya hivyo kuna faini inayoweza kufika pauni 1,000. Ukienda Morogoro miezi miwili, usikatishe bima ukaiacha pikipiki barabarani. Iingize kwenye uwanja binafsi, kisha utoe tangazo la SORN, kwamba haiko barabarani. Hapo tu ndipo unaweza kukaa bila bima, na miezi mizima ya kodi iliyobaki unarudishiwa.

Helmeti uliyokuja nayo kwenye begi iache ukutani. Ya hapa lazima iwe na alama ya ECE 22.05 au 22.06, au ile ya Uingereza ya BS 6658. Na katika ile bajeti ya pauni 1,150 toa kwanza hela ya glavu nzuri na koti lenye vikinga, ununue pikipiki kwa kinachobaki. Alfajiri ya Januari saa 11 vidole vikishakufa ganzi huwezi kuvuta breki, na kwenye kivuli cha daraja kuna barafu ambayo huioni, inafanana na lami yenye unyevu.

Kwa mwenzetu anayeuza, mtumie ujumbe huu jioni ya leo: nakuja Jumamosi mchana, nitakuta kadi mezani, na yule wa Dar awe hewani. Akikubali, nenda na mtu wa pili wa kukushikia tochi. Akianza kuzunguka, hiyo CB125F si pekee, zimejaa kila mji hapa, na miezi minne inatosha kupata nyingine.